Sauti Chini ya Boneti Inafuata Nini?

Katika gereji za Kiplombe, kama kwingineko Eldoret, hukumu ya injini hutolewa haraka mno. Mwenye gari anafika na kusema, "Fundi, gari linalia." Boneti inafunguliwa, anaambiwa akanyage mafuta mara mbili tatu, vichwa vinainama, na kabla injini haijapata moto mtu ameshatamka, "Bosi, hii imenoki." Kuanzia hapo mazungumzo si ya ugonjwa tena, ni ya bei: ovaholi, au injini nyingine ya mtumba kutoka Japani. Huenda aliyetamka amesema kweli. Lakini mlio uleule unaweza kutoka kwa maunti ya injini iliyokatika, kwa puli ya kompresa iliyolegea, au kwa gaskiti ya eksozi inayopumua. Kati ya tiba hizo na ovaholi kuna pengo la pesa linaloweza kumfilisi mtu anayetegemea gari hilo kupeleka maziwa mjini.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mlio wenyewe, hata ukisikika vizuri namna gani, haujitambulishi. Kinachoutambulisha ni kile unachokifuata. Je, unafuata mwendo wa injini au mwendo wa gurudumu? Unakuja kila mzunguko mmoja wa krenki, ile fito ya chini inayozungushwa na pistoni, au kila mizunguko miwili? Unafuata mzigo, unafuata baridi, au unafuata usukani ukikatwa? Maswali haya hayahitaji spana hata moja, na mengi kati yake anayeweza kuyajibu ni mwenye gari, maana ndiye aliyekuwa ndani mlio ulipoanza.

Mahali napo pana sauti yake katika jambo hili. Kiplombe ni wadi ya eneo bunge la Turbo, kaskazini mwa Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Iko kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, asubuhi za Julai ni za baridi kali na umande, na mtu akishaacha lami anakanyaga murram, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Kila moja ya hali hizo huzaa mlio fulani au huuficha mwingine. Maelezo yaliyoandikiwa dereva wa Yokohama, hata wa Mombasa, hayafai kuchukuliwa mzimamzima.

Tuanze na magari yenyewe. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya kinazuia gari la mtumba kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Likishaingia, halina kikomo. Ndiyo maana Probox zilizoundwa miaka ya mwanzo ya 2000 bado zinapakia viazi na watu, na wenye magari hayo hawajui oili ilibadilishwa lini kabla ya meli kutia nanga Mombasa. Nyingi kati yake, pamoja na Fielder, Premio na Allion, zina injini ambayo mafundi wetu wanaijua kwa jina la 1NZ: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, pistoni yenye kipenyo cha milimita 75 inayopanda na kushuka milimita 84.7. Nitaitumia injini hiyo kama mfano, kwa sababu ukiielewa hii umeelewa sehemu kubwa ya magari yanayopita hapa.

Injini hiyo ikiwa imetulia bila kukanyagwa, krenki yake huzunguka karibu mara 750 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 12 na nusu kwa sekunde. Kamshafti, ile fito ya juu inayofungua na kufunga valvu, huzunguka nusu ya mwendo huo, yaani mara sita na robo kwa sekunde. Hesabu hii ndogo ndiyo chombo cha kwanza cha fundi. Kitu kinachogonga juu, kwenye valvu, hugonga mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kitu kinachogonga chini, kwenye krenki na konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, kwa kawaida hufuata krenki yenyewe. Mapigo sita kwa sekunde, sikio linaweza kuyatenganisha kwa taabu kidogo: ta, ta, ta, ta. Mapigo 12 huanza kuungana na kuwa mkoromo. Asiyeamini sikio lake arekodi kwa simu, kisha acheze sauti hiyo kwa nusu ya kasi. Simu nyingi siku hizi zinaweza. Atahesabu bila shida.

Kuna mlio mmoja wa juu ambao si ugonjwa hata kidogo. Kila silinda ina nozeli yake ya petroli, na kila nozeli hubofya mara moja kwa mizunguko miwili. Nne zikichanganyika zinatoa mibofyo 25 kwa sekunde, laini, mikavu, isiyobadilika. Mtu akiwa na hofu na gari lake anaweza kuisikia mibofyo hiyo kwa mara ya kwanza na kudhani imeanza leo. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli, mpini wake mfupani mbele ya sikio, utaisikia wazi. Sogeza bisibisi mahali pengine na itafifia. Bisibisi hufanya kazi kwa sababu chuma husafirisha mtetemo vizuri kuliko hewa, lakini chuma hichohicho hupeleka mtetemo mbali na chanzo chake. Kwa hiyo usiamini mahali pa kwanza ulipousikia mlio. Linganisha sehemu tatu nne na utafute unapozidi. Na kabla ya kuinama, shika hendibreki, funga mikono ya shati, weka mbali leso au kamba yoyote inayoning'inia. Kanda na feni havisubiri mtu.

Mlio wa asubuhi ndio unaoletwa zaidi gereji: gari linawashwa saa kumi na mbili, linapiga kelele kali ya nyiii kwa nusu dakika, kisha linanyamaza. Hili kwa kawaida ni kanda la feni, lile linalozungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya eisi. Umande umetua kwenye kanda usiku kucha, na alteneta ina kazi nzito ya kurudisha chaji iliyotumika kuwasha injini ya baridi, hivyo kanda linateleza kwenye puli. Ukiwasha taa na hita mlio ukazidi, shaka imepungua sana. Jaribio linalofuata halina gharama: mwagia maji kidogo upande wa kanda wenye mifereji, injini ikiwa imetulia. Mlio ukiongezeka, kanda limelegea au mtenshena umechoka. Mlio ukinyamaza kidogo kisha ukarudi maji yanapokauka, tafuta puli iliyokaa upande. Watu wengi hapa hupaka sabuni au grisi, na kelele huisha kwa siku chache. Sishauri jambo hilo kabisa. Kanda linateleza zaidi bila kulia, mpira unaoza, na siku likikatika pampu ya maji inasimama papo hapo.

Kukiwa na mvumo au mkwaruzo unaopanda na mwendo wa injini badala ya nyiii, beringi ya moja ya puli inashukiwa. Hapa ndipo fundi mzuri anapojitenga na wengine: anavua kanda, anawasha injini kwa sekunde chache tu, anasikiliza. Mlio ukitoweka, chanzo kiko kwenye kimoja kati ya vitu vilivyokuwa vikizungushwa, na kila puli inaweza kuzungushwa kwa mkono injini ikiwa imezimwa mpaka ile yenye kukwaruza ijulikane. Mlio ukibaki, kanda na vyote vilivyomo vimeachiliwa huru. Nasema sekunde chache kwa sababu kwenye 1NZ pampu ya maji nayo imesimama wakati huo. Jaribio hili moja hufuta nusu ya orodha ya washukiwa.

Tuende juu ya injini. Ta-ta-ta nyepesi ya nusu mwendo, inayosikika zaidi kwenye kifuniko cha valvu, huitwa na mafundi mlio wa tapeti. Kwenye 1NZ nafasi kati ya kamu na tapeti hupimwa kwa vipande vya kumi vya milimita: karibu milimita 0.2 upande wa hewa inayoingia na 0.3 upande wa eksozi, injini ikiwa baridi. Nafasi ikizidi, chuma kinabisha chuma. Lakini kabla ya kugusa chochote huko juu, chomoa dipstiki. Ni jambo la aibu jinsi lilivyo rahisi na jinsi linavyosahauliwa. Injini hii inachukua lita 3.7 tu za oili pamoja na filta; ikipungua lita moja na nusu, zaidi ya theluthi imekwenda, na sehemu za juu ndizo za kwanza kulalamika.

Aina ya oili nayo ni jambo la Kiplombe hasa. Injini hizi ziliundwa kwa oili nyepesi, ya daraja la 5W-30 na jirani zake. Wengi wetu humimina 20W-50 kwa imani kwamba oili nzito hulinda injini kuukuu. Katika joto la Mombasa oili hiyo ingepanda juu bila kuchelewa sana. Katika asubuhi ya nyuzi kumi za Selsiasi, inachelewa, na katika sekunde hizo cheni ya taimingi na tapeti zinafanya kazi karibu kavu. Matokeo yake ni mtatariko wa kuwasha unaoisha peke yake. Ukidumu sekunde moja mbili, badilisha oili kwa daraja sahihi na filta nzuri uone. Ukidumu zaidi, au ukisikika ubavuni kwenye upande wa kanda kama mnyororo unaoburutwa, mtenshena wa cheni na cheni yenyewe vinastahili kukaguliwa bila kuahirisha, maana cheni iliyolegea sana inaweza kuruka meno na kuharibu taimingi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka pamoja na mlio wowote, hapo hakuna uchunguzi tena: zima injini, vuta gari kwa kamba.

Kuna mwigaji mmoja wa tapeti ambaye hudanganya hata wazoefu. Gaskiti ya eksozi ikipasuka kwenye silinda moja, moshi hutoka kwa kishindo kidogo kila silinda hiyo inapotema, yaani mara moja kwa mizunguko miwili, mwendo uleule wa valvu. Kinachoutofautisha ni joto. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa, mlio unapungua baada ya dakika tano au kumi. Tapeti yenye nafasi kubwa haina tabia hiyo ya kupona. Angalia pia alama ya masizi meusi pale manifoldi inaposhikana na hedi. Nimeona hedi zikifunguliwa kwa ajili ya mlio ambao boliti mbili za eksozi zingeunyamazisha, na hilo hunikera kuliko kosa lolote lingine la gereji, kwa sababu injini iliyofunguliwa bila sababu mara nyingi hairudi ilivyokuwa.

Sasa ile hukumu nzito, kunoki. Kati ya konrodi na krenki kuna beringi laini mbili za nusu duara, na kati ya beringi na krenki kuna pengo dogo kuliko unene wa unywele. Pengo hilo hujazwa oili yenye shinikizo, na krenki huelea juu ya utando huo bila kugusa chuma. Oili ikipungua, ikichafuka au ikikosa shinikizo, utando unakatika, beringi inaliwa, pengo linapanuka, na kila pistoni inaposukumwa chini konrodi inapiga krenki. Mlio wake ni mzito, ngo-ngo-ngo, unatoka chini, na una tabia tatu. Huwa wazi zaidi injini ikiwa moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Hujitokeza unapokanyaga mafuta kidogo mpaka karibu mizunguko 2,000 kisha ukaachilia ghafla. Na hupungua silinda yenye ugonjwa inaponyimwa moto.

Tabia hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani. Injini ikiwa imetulia, chomoa plagi ya umeme ya nozeli ya silinda moja, sikiliza, rudisha, nenda kwa nyingine. Kuchomoa nozeli ni bora kuliko kuchomoa koili, kwa sababu koili ikichomolewa petroli inaendelea kuingia na kutoka bila kuungua, kisha inaenda kuungulia ndani ya kichujio cha eksozi, mahali pabaya. Mlio ukififia sana kwenye silinda ya tatu, umeambiwa ni konrodi au pistoni ya ngapi. Usipobadilika kwenye silinda yoyote, shaka ya konrodi inapungua na macho yaende kwingine: puli ya krenki yenye mpira uliopasuka, boliti za bamba linalounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, maunti. Maunti iliyokatika inajulikana kwa namna nyingine pia. Shika breki kwa nguvu, ingiza gia ya D kisha R. Injini ikiruka na kugonga mara moja tu kwa kila badiliko, mpira wake umekwisha. Fundi asimame pembeni wakati huo, asisimame mbele ya gari.

Pistoni iliyolegea kwenye silinda nayo hugonga, hasa baridi, kisha hutulia joto linapoitanua. Wenye Subaru za injini ya EJ wanaujua vizuri mlio huo wa asubuhi. Gari linaweza kuishi nao muda mrefu. Lenye mlio wa konrodi haliwezi, na ndiyo sababu ya kung'ang'ania kuitofautisha milio hiyo miwili.

Kuna mlio mwingine ambao haugongi chuma kwa chuma, na historia yake ni kubwa kuliko gari lolote. Ukipanda mlima na gia kubwa, injini ikiwa moto na imebeba, unasikia mchakacho mwepesi kama changarawe ndani ya kopo. Ni petroli inayolipuka kabla ya zamu yake, sehemu ya mchanganyiko ikijiwasha yenyewe mbele ya moto wa plagi. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlio huo uliwanyima usingizi watengenezaji wa injini. Desemba 1921, Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors huko Dayton, Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kiwanja cha risasi kinaunyamazisha. Petroli yenye risasi ikaanza kuuzwa 1923, na kwa miongo mingi dunia nzima ikavuta sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho, Algeria, ilimaliza akiba yake 2021, na tangazo la kwamba enzi hiyo imekwisha lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi. Kelele ya injini ilitibiwa bila kufikiria chanzo, na athari ya tiba hiyo ilidumu hewani karibu miaka mia.

Kwetu mlio huo una kitendawili chake. Kwenye mita 2,100 kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kidogo, nguvu inapungua, lakini mgandamizo ndani ya silinda nao unapungua, na petroli haishawishiki kulipuka mapema. Kwa hiyo injini yenye masizi mengi kwenye vichwa vya pistoni, au yenye kitambuzi cha kunoki kilichokufa, inaweza kuzunguka Kiplombe na mjini mwaka mzima bila kulalamika. Ipeleke Iten, ishuke Bonde la Kerio, zaidi ya mita elfu moja chini, kisha ianze kupanda kurudi ikiwa imebeba. Hewa ya chini ni nzito, joto ni kali, mteremko ni mkali. Ndipo inaposikika. Mwenye gari hurudi akilaumu petroli aliyotia njiani. Huenda petroli ina lawama, lakini swali la kwanza liwe: je, mlio ulififia uliporudi juu? Ukififia, kimo cha ardhi kimeshakujibu nusu, na ugonjwa ulikuwa ndani ya injini tangu awali.

Kimo hichohicho huathiri maji. Kwenye mwinuko wetu maji yasiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ilhali injini nyingi hupenda kufanya kazi kati ya 85 na 100. Kinachozuia rejeta isichemke ni kifuniko chake chenye springi, kinachofungia mfumo kwa shinikizo la karibu baa moja na kupandisha kiwango cha kuchemka mbali juu ya mia. Springi ikichoka, gari la pwani lina ziada kidogo ya kujiokoa. La Kiplombe halina. Mlio wake ni gulugulu nyuma ya dashibodi au kwenye chupa ya akiba mara baada ya kuzima injini. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo, na kijaribiwe kabla ya kutaja gaskiti ya hedi. Gulugulu ikiendelea, maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, na viputo vikitokeza kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma, basi gaskiti ya hedi itajwe. Rejeta ya moto isifunguliwe kwa sababu yoyote. Kwa mwinuko huu maji yanayoachiliwa shinikizo yanalipuka kuwa mvuke papo hapo.

Matatu za HiAce zenye injini za dizeli zinahitaji sikio tofauti. Dizeli hugonga kwa asili yake, kwa kuwa mafuta hujiwasha kwa mgandamizo. Cha kutafuta ni silinda moja inayogonga kuzidi wenzake. Zamani fundi alilegeza paipu ya kila nozeli kwa zamu ili kuipata. Kwenye injini za kisasa, kama zile za familia ya KD, jambo hilo ni hatari kubwa: dizeli ndani ya paipu hizo inaweza kufikia shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi. Zinapimwa kwa kompyuta, inayoonyesha kiasi cha marekebisho kinachopewa kila nozeli. Tabo nayo hupiga mluzi. Mluzi mwembamba unaopanda na mafuta ni wa kawaida, na huku juu tabo huzunguka kasi zaidi ili kufidia hewa nyepesi. Mluzi ukigeuka king'ora, beringi zake zimechoka. Ukisikia mfoko wa hewa wakati wa kupanda tu, pamoja na moshi mweusi na nguvu kupungua, angalia kwanza mabomba ya mpira na klipu zake.

Na baada ya yote hayo, kuna milio ambayo murram ndiyo mama yake. Bati la kukinga joto juu ya eksozi linalegea kwa mitetemo na kuanza kulia kama sarafu kwenye mwendo fulani tu wa injini. Kijiwe kinanasa kati ya kanda na puli. Kibati cha chini kinachozuia matope kimepoteza boliti. Betri inacheza kwenye kiti chake. Jaribio la kuyatenga ni kusimama na kupandisha injini polepole: mlio ukisikika gari likiwa limesimama, uko kwenye injini au umeshikana nayo, ukisikika barabarani tu, hata gia ikiwa huru kwenye mteremko, uondoe kabisa kwenye orodha ya injini na uende kwenye magurudumu na saspenshoni. Nashangaa ni magari mangapi yanayofunguliwa kifuniko cha valvu kwa sababu ya bushi za saspenshoni.

Kwa nini basi hukumu hutolewa haraka? Siamini kwamba mafundi wetu hawajui. Eldoret ina vyuo vinavyofundisha umekanika wa magari, na aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa daraja wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Wengine wana masikio niliyoyaonea wivu. Tatizo liko kwenye malipo. Mteja hulipia spea na hulipia kufungua na kufunga. Saa nzima ya kusikiliza, kuvua kanda, kuchomoa nozeli moja moja na kulinganisha, hailipiwi. Mteja huiona kama fundi aliyekaa bure. Anayeishi kwa kibarua cha siku atachagua kazi inayolipa, na kazi inayolipa ni kubadilisha vitu. Sisi wenye magari tumeujenga mtindo huo kwa mikono yetu, na tuna uwezo wa kuubadilisha: tukubaliane bei ya uchunguzi peke yake, ilipwe hata kama tiba itakuwa boliti moja.

Na fundi akisema injini imenoki baada ya uchunguzi huo, mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa mambo matatu kabla ya kukubali ovaholi. Geji ya shinikizo la oili ifungwe mahali pa swichi ya taa ya oili, isomwe injini ikiwa moto, na usomaji ulinganishwe na kitabu cha mtengenezaji. Filta ya oili ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga, ionekane kama ina vumbi la chuma. Kisha sampu ya oili ishushwe na kifuniko cha konrodi inayoshukiwa kifunguliwe. Kwenye magari mengi kazi hiyo hufanyika injini ikiwa ndani ya gari. Beringi ya kijivu yenye uso laini ina maana mlio bado haujapatikana, na uchunguzi uendelee. Iliyochunika na kung'aa rangi ya shaba ina maana fundi alikuwa sahihi, na gari lisiwashwe tena mpaka krenki ipimwe.